Siku Sita za Ndizi

Siku ninayoikumbuka ni Jumatatu ya kufungua shule. Nimesimama mbele ya tanuri la mikate ambalo bado linatoa unyevu, mikono mitupu, namwangalia mfanyabiashara wa kutoka mjini akipita barabarani na baiskeli tatu zilizobeba makasha ya mikate. Mikate ile ilikuwa inakwenda kwenye shule iliyopaswa kula mikate yetu. Baiskeli ya mwisho ilipotupita, yule aliyeikanyaga aligonga kengele mara mbili. Labda alikuwa anatusalimia tu. Mimi nilisikia matusi.

Mwanangu, mimi si mzee. Wanaotoa nasaha huwa na mvi na mkongojo; mimi nina miaka ishirini na saba, na maziwa yananilowesha blauzi ninapoandika haya. Aliyepaswa kukueleza ni bibi yako, mama yake baba yako, lakini tulimzika kabla hujaota meno. Basi nakueleza mimi, na nakueleza kwa hasira. Jana mwenyekiti wetu wa kijiji alitangaza tutajenga ghala la kahawa, tumalize kabla ya msimu. Yeye na wenzake wakakaa kwenye kikao kwa saa nne nzima. Walipotoka nikauliza, kazi ya kwanza ni ipi? Wakajibu: kupaka rangi kibao cha ghala. Kibao, Koku! Ghala halina hata shimo la nguzo, tayari lina jina.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari. Nikasema huyu mtoto asije akakua akawa kama wao, wala asije akawa kama mama yake alivyokuwa.

Maana na mimi nilianza na kibao.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado unanukia upya, na kila baraza liliisha kwa wimbo wa ujamaa. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya wasichana na cheti changu cha kidato cha nne, nimeolewa hapa Muleba na mwalimu. Akina mama wa kijiji walipoanzisha kikundi, wakanifanya katibu siku hiyo hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyeweza kuandika bila kutoa ulimi nje. Tulikuwa kumi na wawili. Tukaamua kujenga kiwanda kidogo cha mikate.

Usicheke. Wewe umekuta mikate, unaidhani iliota. Kwa Mhaya, mwanangu, mwanamke hulima kibanja maisha yake yote na kibanja kisiwe chake. Migomba ni ya mume, baadaye ni ya mtoto wa kiume. Mume akifa na hukuzaa mwana wa kiume, shemeji zako wanaanza kuja kukusalimia mara nyingi mno, na kila wakija wanahesabu migomba kwa macho. Katika kikundi chetu alikuwepo mmoja wa hivyo, Anastazia. Mjane, mabinti watatu. Shemeji zake walikuwa wamempa hadi shule zifunguliwe awe ameonyesha namna ya kujitunza bila kula kibanja cha marehemu, la sivyo arudi kwa kaka zake. Kwake tanuri lile halikuwa siasa. Lilikuwa shamba pekee ambalo angelimiliki duniani.

Mkuu wa shule ya bweni, iliyo mwendo wa nusu saa kutoka hapa, akatuandikia barua. Muhula ungefunguliwa baada ya siku sitini. Tukileta mikate asubuhi ya siku ya kwanza, tutaleta mwaka mzima. Tusipoleta, atachukua kwa mfanyabiashara wa mjini, naye atakuwa amepewa mwaka mzima. Barua fupi, haina kona.

Siku sitini! Nikaona ni nyingi kama senene wa Novemba. Nikachukua karatasi nikaandika orodha ya kazi, moja hadi kumi na saba, kwa wino wa bluu, nikapiga mstari chini kwa rula. Aproni za kushona. Kibao cha kupaka rangi. Makopo ya kuokea. Matofali. Fundi. Paa. Kibali cha bwana afya. Wenzangu wakaiangalia ile karatasi wakanipigia vigelegele, na mimi nikajiona nimepanga.

Orodha si mpango, mwanangu. Orodha inakuambia nini kifanyike. Haikuambii kipi kinamngoja nani. Lakini hilo sikulijua.

Tukaanza. Matofali yalianza mapema, hilo nashukuru, kwa kuwa akina mama wenye nguvu walitaka kutoka nyumbani. Wiki moja kufyatua, wiki mbili kukausha chini ya majani ya migomba, wiki moja kuyachoma na kuyaacha yapoe. Siku ishirini na nane. Wakati matofali yanakauka, sisi wengine tukawa tunashona aproni. Tulishona kwa raha! Tukatarizi ua jekundu mfukoni. Tukapaka kibao, mwenyekiti akaja na tai kukizindua, tukaimba. Tukafanya vikao vitatu kuhusu nani atashika ufunguo wa mlango ambao haukuwepo.

Katika wiki ile ya kwanza bibi yako, naye alikuwa mwanachama, alinikuta nashona akaketi pembeni yangu. Akasema:

"Ndizi zitakatwa lini?"

"Ndizi gani, mama?"

"Za rubisi. Za watu wa paa."

Lazima nikueleze hapa, maana wewe unakua na mabati kila mahali. Tanuri la mikate hujengwa kwa matofali yanayounganishwa kwa udongo, na udongo mbichi ukinyeshewa unarudi kuwa tope. Hapa kwetu mvua haiombi ruhusa. Kwa hiyo paa lilitakiwa lisimame kwanza, ndipo fundi ajenge tanuri chini yake. Paa ni nguzo nzito za kushushwa kutoka mlimani, kazi ya wanaume thelathini kwa siku moja, na siku ya pili ya kupaua na kupigilia mabati. Na wanaume thelathini kwa Wahaya huwaiti kwa mdomo. Unawaalika kwa rubisi, pombe ya ndizi. Si mshahara, ukimpa mtu fedha ya kazi ya jirani atakutukana. Ni heshima. Mkubwa wao anapewa kibuyu cha kwanza, anaonja, anasema kazi ianze. Kumwita mtu bila kibuyu ni kumwita kama unavyomwita punda.

Nami nilijua yote haya. Nilizaliwa ndani yake. Lakini nilikuwa na cheti, nikamjibu bibi yako bila kuinua uso kwenye sindano:

"Mama, hii ni kazi ya ujamaa. Kazi ya ujamaa haidai pombe."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, waitu." Waitu ni neno la heshima, tunamwambia mkubwa au mgeni. Mama mkwe akikuambia waitu, ujue umekosea. Akainuka akaenda zake kumenya ndizi za mchana.

Siku ya ishirini na nane matofali yakawa tayari, mekundu, ukiyagonga yanalia. Nikaenda kwenye baraza, nikasimama mbele ya wanaume, nikawasomea kuwa kesho ni siku ya nguzo. Mwenyekiti akaongeza amri yake juu. Kesho yake wakaja wanne. Mmoja mguu unamuuma, mmoja kaja kuuliza kama kuna waliokuja.

Nikarudi barazani nimevimba. Nikawauliza kwa nini wamekataa kazi ya taifa.

Mzee mmoja mwenye sauti ya taratibu akanijibu, "Katibu, hakuna aliyekataa. Sisi tumekaa tunanusa tu. Hatujasikia harufu ya ndizi."

Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Amesoma mpaka kidato cha nne, bado hajafika kidato cha ndizi!"

Walicheka, mwanangu, wakacheka na mwenyekiti ambaye jana yake alitoa amri. Niliondoka pale masikio yanawaka.

Nikamwendea mama mkwe. Sikusema nimekosea, nilisema, "Mama, nataka rubisi kesho kutwa." Hata leo nikiikumbuka ile sentensi naona aibu. Yeye hakunicheka. Akahesabu kwa vidole. Leo tukate mikungu. Siku sita shimoni ziive, zimefunikwa majani. Siku ya saba kukamua. Mtama uliokaangwa unatiwa, pombe inalala, siku ya nane inanyweka. Nikasema tuzianike juu ya moto ziive haraka.

"Ndizi iliyobabuliwa inatoa maji machungu," akasema. "Utawapa wanaume thelathini maji machungu, halafu uwaombe wapande juu ya paa?"

Tukakata. Kikundi kizima kiliketi kuzingoja ndizi. Aproni zimekunjwa, makopo yanang'aa, kibao kinametameta, fundi amekaa juu ya matofali anavuta kiko. Watu kumi na wawili hatuna la kufanya, na siku zinapita. Hilo ndilo jambo lililonitesa zaidi. Mikono ilikuwepo tele, ila hakuna mkono uliofaa. Siku nane za rubisi, siku mbili za paa. Wanaume walikuja thelathini na saba, wakaimba, wakamaliza vizuri kabisa. Kazi yao haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa siku kumi.

Baada ya hapo fundi akajenga tanuri siku saba. Nikataka kumwongezea fundi wa pili. Akaniambia, "Dada, mdomo wa tanuri unaingia mtu mmoja. Huyo wa pili atanishika miguu?" Kisha likatakiwa likauke siku kumi na nne. Nikasema tuwashe moto mkubwa likauke kwa nguvu. Hapo ndipo Bi Zaituni aliponikamata mkono. Bi Zaituni ni yule mama wa Kiislamu wa Hamugembe, mwenye tanuri lake mjini, aliyekuja kwa lori kutufundisha kuoka.

"Mimi pombe yenu sinywi, siijui," akasema. "Ila tanuri nalijua. Ukiliwashia moto mkubwa bichi, litapasuka kifuani, na utajenga upya. Unga usipoumuka, utaupiga kofi?"

Basi tukangoja. Siku ya sitini shule ikafunguliwa, nasi ndiyo kwanza tunawasha moto mdogo wa kwanza. Bado siku tano za moto mdogo, na mbili za kuoka kwa majaribio. Mikate yetu mizuri ikatoka siku ya sitini na sita. Tulichelewa siku sita. Hesabu mwenyewe: siku zile zile sita ambazo ndizi hukaa shimoni.

Mkuu wa shule hakuwa mkali. Alisema, "Watoto walikula, mama. Nimeshatoa ahadi." Mwenyekiti kwenye baraza akasema wanawake wamepewa nafasi wakashindwa. Hilo nilikuwa tayari kulisikia. Ambalo sikuwa tayari kuliona ni Anastazia akipita njia ya kwenda barabarani, godoro kichwani, mabinti watatu nyuma yake kama vifaranga. Hakunitukana. Alinisalimu. Nikamwambia tutauza maandazi sokoni, asubiri kidogo. Akanijibu, "Mashemeji zangu hawali subira, Katibu." Akapanda lori la Bukoba, na nikasikia baadaye kwamba anafua nguo za watu kule Bilele.

Mchana wa siku hiyo bibi yako akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa anachambua nyuzi za mgomba, zile anazosukia mikeka. Nilidhani atanifariji. Akaniuliza:

"Mkate wa kwanza ulikuwa unangoja nini?"

"Tanuri lipate moto."

"Na moto?"

"Tanuri likauke."

"Na kukauka?"

"Lijengwe."

"Na kujengwa?"

Hapo nikasema vitu viwili: matofali na paa. Akachukua nyuzi mbili akaniwekea magotini. "Matofali yalikuwa yanangoja nini?" Udongo na jua. "Na paa?" Wanaume. "Na wanaume walikuwa wanangoja nini?"

Nikaanza kuzikunja nyuzi zilizokuwa magotini.

"Sema."

"Ndizi."

"Mwana wange," akasema, mwanangu kwa Kihaya, "nilikuuliza siku ya kwanza. Ulinijibu kama gazeti."

Nikamuuliza kwa nini hakunilazimisha. Akasema mtu aliyesoma akishatoa jibu, mama wa jikoni arudie swali mara ngapi? Hilo ndilo karipio lenyewe, na lilikuwa fupi. Lakini hakuishia hapo. Alichukua nyuzi za urefu mmoja akaanza kufunga mafundo, fundo moja siku moja, kila fundo likiufupisha uzi. Uzi wa matofali mafundo ishirini na nane. Uzi wa paa mafundo kumi, ndizi zikiwemo. Akazifunga ncha za nyuzi mbili pamoja, pale ambapo fundi anaanza. Kuanzia hapo uzi ni mmoja: saba, kumi na nne, tano, mbili. Uzi wa aproni mafundo manne. Wa kibao mawili. Akafunga zote mwishoni, kwenye mkate. Akaniambia shika huku, yeye akavuta kule.

Nikaona, Koku. Uzi mmoja tu ulikaza. Matofali, fundi, kukauka, moto, mkate: huo ulinyooka kama waya wa posta. Nyingine zote zilining'inia zinacheza.

"Uliokaza ndio kazi," akasema. "Ukipoteza fundo moja hapa, mkate unachelewa siku moja, hata uwe na askofu kwenye kikundi. Huo unaocheza, unaweza kuusogeza mbele au nyuma, mkate usijue. Uzi wa ndizi ulikuwa unacheza siku kumi na nane. Ungekata siku ya tano, sawa. Siku ya kumi, sawa. Siku ya kumi na nane kamili, sawa, ingawa mimi ningekata siku ya kumi na sita nilale usingizi. Wewe ulizila zote kumi na nane kwa kutarizi maua. Zilipokwisha, ukaanza kula siku za mikate."

Nikasema basi ningezikata siku ya kwanza kabisa nisahau. Akaguna. "Rubisi ya siku ya nane ukiisahau, utamnywesha nani siku ya ishirini na nane? Itakuwa siki. Si kila kitu kiwahi. Kila kitu kiwe na siku yake, na siku yake unaipata kwa kuanzia kwenye mkate, unarudi nyuma."

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Shuleni tuliulizwa ipi ni ya kweli, tukaandika insha. Zote mbili ni za kweli, mwanangu. Ila hakuna iliyokuambia kazi ipi uiharakishe na ipi uingoje. Hilo utaambiwa na kamba.

Mwaka ule tuliuza maandazi sokoni, tukabakia tisa. Kabla ya mwaka kwisha mkuu wa shule akaandika tena. Wanafunzi wameongezeka, na mikate ya mjini inafika imekauka. Anataka mikate maradufu, ianze siku ya kufungua muhula, na kwa tanuri letu moja haiwezekani. Tujenge la pili. Mara hii alitupa siku hamsini.

Safari hii sikushika kalamu kwanza. Nilikwenda kwa bibi yako kuomba nyuzi. Tulifunga mafundo wote tisa, tumekaa kwenye majani makavu ya migomba. Matofali ishirini na nane, fundi saba, kukauka kumi na nne, moto tano, majaribio mawili. Hamsini na sita. Paa tulikuwa nalo tayari, lilitosha matanuri mawili, kwa hiyo uzi wa ndizi haukuwepo tena. Lakini hamsini na sita haiingii kwenye hamsini. Wenzangu wakaanza kusema tuamke mapema zaidi, tufanye bidii, tuongeze watu wa kushona. Nikawaambia, na nilisema kwa ukali: bidii yoyote iliyo nje ya uzi uliokaza ni jasho la bure. Tafuteni mafundo kwenye uzi uliokaza.

Yalikuwa kwenye matofali. Jirani mmoja alikuwa amechoma matofali ya nyumba yake, yamekaa tu kwa sababu hana mabati. Tukamwomba tuyatumie, tumfyatulie mengine kabla hajapata mabati yake. Akakubali. Mafundo ishirini na nane yakatoka siku moja.

Akina mama wakashangilia, wakadhani tumemaliza. Bibi yako akasema, "Vuteni tena."

Tukavuta. Uzi wa tanuri sasa ulikuwa unacheza. Uliokaza ulikuwa mwingine kabisa, ambao hakuna aliyeutazama: unga. Unga wa mwaka jana ulikuwa magunia machache, tulinunua Bukoba. Sasa tulihitaji mwingi, na unga mwingi ulitoka Mwanza kwa meli. Barua ya maombi, kibali, zamu ya meli, lori la kutoka bandarini. Tulihesabu arobaini. Kwa hiyo nafasi yetu yote ilikuwa siku kumi, na ilitegemea karatasi moja ambayo haijaandikwa. Uzi uliokaza ulikuwa umehama kama siafu, na tungeendelea kukanyaga pale ulipokuwa jana.

Niliandika barua jioni hiyo. Mwenyekiti akasema lazima kikao kiipitishe, wiki ijayo. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kikao kikae wiki ijayo. Barua itakuwa Bukoba." Akaniambia nina kiburi. Nikamwambia ndiyo, nina kiburi na tumbo la miezi sita, na lori linaondoka alfajiri. Tumbo hilo lilikuwa wewe. Ulinipiga mateke kutoka Muleba mpaka mjini.

Kibali kilichelewa. Meli ikaruka wiki moja. Unga ukafika siku ya arobaini na nane, zimebaki siku mbili. Ningeingoja ile wiki ya kikao, tungepitwa na baiskeli tena. Siku ya hamsini, asubuhi, mikate ya Muleba ilikuwa mezani shuleni, ya moto, na Bi Zaituni alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, viatu amevua, anasema hatarudi tena huku kwenye milima yenu. Alirudi, tena mara nyingi.

Baadaye nilipelekwa semina ya ushirika pale Kahororo. Mwalimu akachora ubaoni viduara na mishale, namba juu ya kila mshale, akaukoleza mmoja kwa chaki nyekundu. Akauita njia ya ulazima, akasema ni elimu mpya, inatumika kujenga viwanda na madaraja huko nje. Wanaume waliokaa mbele wakawa wanakuna vichwa. Mimi nilitaka kucheka na kulia. Mbele yangu ilikuwa kamba ya mama mkwe, imevaa suti.

Lakini sijakuambia jambo nililokuwa nalifikiria kila siku katika zile hamsini. Wiki ya kwanza ya mikate nilipanda lori nikashuka mjini, nikauliza Bilele mpaka nikampata Anastazia. Alikuwa ameinama kwenye karai, povu hadi viwiko. Binti yake mkubwa hakuwa naye, alishapelekwa kwa watu kulea mtoto. Nikamweleza yote. Tanuri la pili, shule, mwaka mzima, nafasi yake ipo, na chumba nyuma ya kiwanda ambacho hakina shemeji.

Alikamua shati moja, akalikung'uta, akalianika. Ndipo akasema:

"Nitakuja. Lakini mara hii nionyeshe kamba kwanza."

Nilikuwa nayo kwenye kikapu. Akaifuta mikono kwenye kanga, akaivuta mwenyewe, akapitisha kidole fundo kwa fundo kama mtu anayesali rozari. Akaniuliza, "Na hapa, mkiumwa wawili?" Akaniuliza, "Na hapa, meli ikizama?" Hakuna mwenyekiti aliyewahi kuniuliza maswali kama yale. Alirudi na mabinti wote watatu, tukapita kumchukua yule mkubwa njiani. Leo Anastazia ndiye anayeshika kamba ya kiwanda, si mimi.

Kesho nitaichukua kamba ile kwenye msumari wake na kwenda nayo kwenye kikao cha ghala. Watacheka. Nimeshachekwa na wakubwa wao.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu, isiyo na mvi. Ukipewa kazi yenye siku ya mwisho, usianze na kilicho rahisi, wala kinachopigiwa makofi. Simama kwenye siku ya mwisho, uulize: hiki kinangoja nini? Na hicho kinangoja nini? Uliza mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukianza leo. Kila kazi ipe siku zake za kweli, si unazozitamani. Ndizi hazikusoma cheti chako. Tafuta uzi uliokaza, uulinde kama mtoto mgonjwa. Ule unaocheza, jua unacheza siku ngapi, maana siku hizo nazo huisha. Ukifupisha, fupisha kwenye uliokaza, halafu vuta tena uone umehamia wapi. Na mama wa jikoni akikuuliza ndizi zitakatwa lini, weka sindano chini umjibu. Mimi nilichelewa siku sita, na aliyezilipa hakuwa mimi.

Ukue, Koku. Migomba unayoipanda iwe yako. Usimbebeshe mtu mwingine godoro kwa uvivu wa kuuliza. Mungu wa bibi yako akujalie mikono isiyongoja bure na moyo unaojua kungoja, na asubuhi ya siku yako, mkate uwe mezani, wa moto.